Kimbunga Kikikaribia Pwani, Sisi wa Kisii na Nyamira Tutazame Nini?



Somo la safari hii limetokana na swali ambalo tumeulizwa katika mikutano mingi tangu mwaka 2024: redio ikitangaza kwamba kimbunga kinakaribia pwani, sisi huku milimani tufanye nini? Wengine huuliza kwa hofu. Wengine huuliza kwa mzaha, ati bahari iko mbali, itatufikiaje. Na wako akina mama wanaouliza kwa sababu wana kijana anayefanya kazi Mombasa, au binti aliyeolewa Kilifi, na usiku huo hawapati usingizi. Kwa hawa wote tumeona afadhali tulisome jambo hili polepole, kikundi kwa kikundi. Mwenyekiti amteue mtu wa kusoma kwa sauti, na asimame kila baada ya kichwa kimoja ili watu waulize. Katibu awe na daftari mkononi, kwa maana mbele kuna hesabu.

MAMBO YALIYOTOKEA MEI 2024

Hebu tukumbushane. Jumatano tarehe 1 Mei 2024 dhoruba iliyokuwa baharini, mashariki mwa Tanzania, ilipewa jina la Hidaya. Kufikia Ijumaa upepo wake ulikuwa wa kama kilomita 150 kwa saa, nguvu ambayo ni nadra sana kuonekana karibu na pwani ya Tanzania. Siku hiyo hiyo ya Ijumaa Rais William Ruto alihutubia taifa, akasema kwamba huenda nchi yetu ikapata kimbunga chake cha kwanza, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa. Jumamosi tarehe 4 Mei Hidaya ikakifikia kisiwa cha Mafia, na hapo ikaishiwa nguvu. Mvua yake iliharibu madaraja na kukata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, huko Somanga wilayani Kilwa. Huku Kenya pwani ilipata upepo na mawimbi makubwa, lakini kimbunga chenyewe hakikutua katika nchi yetu. Shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei.

Sasa, kutoka Mafia mpaka Kisii mjini ni zaidi ya kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Lakini wakati ule mvua ilikuwa inanyesha kwetu pia, mito imejaa, barabara za mashambani hazipitiki, na watu wakasema: hicho ndicho kimbunga. Siyo. Mvua zile zilikuwa zimeanza kitambo, mwezi wa Machi na Aprili. Maafa ya Mai Mahiu, ambako zaidi ya watu 45 walikufa kwa maji yaliyoporomoka usiku, yalitokea Jumatatu tarehe 29 Aprili, siku mbili kabla dhoruba haijapewa jina. Kuilaumu Hidaya kwa ajili ya Mai Mahiu ni sawa na kumlaumu mgeni aliyefika Jumatano kwa sahani iliyovunjika Jumatatu.

Pengine mtu atasema, kwani kuna tofauti gani? Mvua ni mvua. Tofauti ni kubwa, na ndiyo sababu ya somo hili. Mtu aliyeamini kwamba mvua ya kwake ililetwa na kimbunga, alisikia Jumapili redio ikisema kimbunga kimekwisha, akapumua, akarudi kulala katika nyumba iliyo chini ya mteremko ulioloa maji kwa wiki saba. Mlima haukusikia redio. Udongo ulikuwa bado umejaa maji yale yale ya Aprili.

KIMBUNGA NI KITU GANI

Kimbunga cha bahari ni mzunguko mkubwa wa upepo na mawingu, unaoweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita, ukizunguka mahali pamoja pa katikati. Chakula chake ni joto la maji. Bahari ikiwa na joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, mvuke mwingi hupanda juu, na ule mvuke unapogeuka kuwa mawingu hutoa joto linaloendelea kuuzungusha upepo. Fikirini jiko la makaa. Ukiendelea kuongeza makaa, sufuria itazidi kuchemka. Ukiliondoa jiko, sufuria inapoa. Ndivyo kimbunga kinavyokufa kinapopanda nchi kavu, kwa kuwa kimeacha bahari, yaani kimeacha makaa yake. Milima na miti humaliza kazi.

Jambo la pili ni kwamba kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ili kianze kujipinda. Karibu na mstari wa Ikweta nguvu hiyo ya kupinda haipo, au ni kidogo mno. Kwa hiyo vimbunga haviwezi kuanza karibu na Ikweta, na ni vigumu sana vijisogeze mpaka hapo. Kisii iko chini ya digrii moja tu kusini mwa Ikweta. Mombasa iko digrii 4. Mafia iko karibu 8. Mnaona jinsi ulinzi unavyopungua kadiri tunavyokwenda kusini. Tukiwaambia vikundi kwamba kimbunga cha bahari chenye upepo wake wote hakitafika Keroka wala Ogembo, hatuwapi faraja tu, tunawaambia vile dunia ilivyoumbwa.

Wanaoilinda bahari yetu kwa macho ni kituo cha Réunion, kisiwa kilicho mashariki mwa Madagaska, na idara za hali ya hewa za kila nchi. Dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Ikifika 118 ndipo huitwa kimbunga kamili. Basi mkisikia dhoruba ina jina, msidhani tayari ni kimbunga. Msimu wake ni kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, mara nyingine Mei. Angalieni vizuri miezi hiyo: mwisho wake ndio wakati wetu wa kupanda mahindi, kupalilia na kuweka mbolea ya kukuzia.

Na watu wa pwani wanajua habari hizi kuliko sisi. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba, kisiwa jirani kabisa, iliponea kwa sehemu kubwa, na toka hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Visiwa viwili, siku moja, kimoja kimelala chini na kingine kimesimama. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Kwa hiyo anayesema vimbunga Afrika Mashariki ni mambo ya siku hizi tu, ahesabu tena.

KINASIMAMA WAPI? HILO NDILO SWALI

Hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Ingawa kimbunga hakitufikii, kinaweza kutuletea mvua au kutunyang'anya mvua, kutegemea mahali kiliposimama baharini. Upande huu wa dunia, kusini mwa Ikweta, kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Chora duara chini kwa kijiti, uzungushe kidole kama mshale wa saa. Utaona kwamba upande wa juu wa duara, yaani kaskazini, kidole kinatoka magharibi kwenda mashariki.

Basi kimbunga kikisimama mashariki mwa Madagaska, mbali kabisa, mara nyingi upepo wa upande wake wa kaskazini husaidia kuvuta hewa kutoka magharibi, upande wa Kongo. Hewa ile ina unyevu mwingi. Inapita juu ya Ziwa Viktoria, inapanda milima yetu, na tunapata mvua kuliko kawaida. Machi 2018 dhoruba mbili, Dumazile na Eliakim, zilipita upande huo wa Madagaska, na masika ya mwaka ule Kenya ilipata mvua nyingi sana. Kimbunga hakikuwa peke yake katika kuileta, lakini kilikuwa na mkono wake.

Kimbunga kikiingia katikati ya Madagaska na Msumbiji, mambo hugeuka. Hapo huvuta unyevu kwenda kwake, kusini, na sisi tunabaki na jua. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2019. Kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira huko Msumbiji usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi na kuua mamia ya watu. Beira ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Lakini sehemu nyingi za Kenya mvua ya masika ilichelewa, na Idara ya Hali ya Hewa ilieleza kwamba Idai kilikuwa kimevuta unyevu ambao ungekuja kwetu. Mkulima aliyekuwa amepanda kwenye udongo mkavu akitumaini mvua ya kesho, mbegu ililiwa na wadudu. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga kingine, Kenneth, kikapiga kaskazini mwa Msumbiji.

Na kikisimama karibu na pwani ya Tanzania kama Hidaya, cha siku chache tu kisha kinakufa, wanaoumia ni wa Mafia, Kilwa, Mtwara, na mabaharia mpaka Lamu. Mkulima wa Nyamira asipoteze muda kutafuta alama zake shambani.

Hizi si sheria za Musa. Ni mambo yanayotokea mara nyingi, na kuna mambo mengine makubwa yanayoamua mvua yetu, kama vile joto la Bahari ya Hindi yenyewe. Mwaka ule ule wa 2019 uliotunyima mvua mwezi wa Machi, ulitumwagia kupita kiasi kuanzia Oktoba, wala hapakuwa na kimbunga cha kulaumiwa. Lakini mtu akijua haya machache, atasikiliza redio kwa namna nyingine. Hatauliza tu, "Kimbunga kinakuja?" Atauliza, "Kimesimama wapi?"

SIKU MOJA, HALI TATU

Tatizo letu moja ni kwamba taarifa ya redio au ujumbe wa simu husema "Kenya" kama kwamba Kenya ni uwanja mmoja wa mpira. Chukueni siku moja ya Mei.

Mombasa mvua ya mwezi huo huja na upepo wa kusi kutoka baharini, na mara nyingi hunyesha usiku au asubuhi, mchana kunang'aa. Ziwani, wavuvi wa Homa Bay huogopa usiku na alfajiri, kwa sababu hewa baridi hushuka kutoka nchi kavu na kukutana juu ya maji ya joto, na ngurumo huanzia huko. Kwetu ni kinyume: asubuhi safi, majani chai yanachumwa, jua kali; saa sita upepo wa ziwa unaanza kupanda, unakutana na upepo wa mashariki juu ya vilima vyetu, na kufikia saa nane au tisa wingu limesimama kama mnara. Halafu radi, mvua ya mawe, na kufikia saa kumi na mbili imekwisha.

Hiyo mvua yetu ya alasiri inapikwa hapa hapa, kati ya ziwa na vilima. Hakuna kimbunga kinachohitajika. Na kwa sababu inapikwa hapa, inaanguka vipande vipande. Kebirigo kunaweza kulowa na Nyamarambe kukawa na vumbi. Wa Borabu, walio juu zaidi na wenye baridi, hawana mvua sawa na wa Mugirango Kusini wanaolima miwa huko chini. Sote tumewahi kutembea barabarani tukafika mahali mvua imekatika kama imekatwa kwa kisu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana wetu anawaambia makutano kwamba wanajua kuusoma uso wa mbingu: wakiona wingu upande wa magharibi wanajua ni mvua. Kule Palestina bahari iko magharibi. Kwetu bahari iko mashariki, na ziwa ndilo liko magharibi. Kila nchi ina mbingu yake ya kusoma, na wazee wetu walikuwa wanaisoma. Kikundi kikiwa na mzee anayekumbuka alama za zamani, aulizwe, na yaandikwe anayosema. Tutayalinganisha na mkebe, ambao tutaueleza hapa chini.

Juu ya radi tuna neno moja, kwa kuwa Kisii inajulikana kwa radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu chini ya thelathini, ingia ndani ya nyumba, usikae chini ya mti wala kwenye kibanda cha majani chai kilicho wazi. Na radi ikipiga boma la mtu, msitafute bibi mzee wa kulaumu. Katika nchi yetu wazee wamewahi kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Tunalijua na tunaona haya kulisema, lakini lazima lisemwe. Radi huletwa na wingu ambalo kila mtu kijijini aliliona saa nane.

WATU WA BLANTYRE

Tumesema kimbunga chenyewe hakitufikii. Lakini tusije tukajisahau, kwa maana kuna watu wa milimani, mbali na bahari, ambao walikufa kwa matope. Machi 2023 kimbunga Freddy, kilichokuwa kimezunguka Bahari ya Hindi kwa zaidi ya wiki tano, kilipanda Msumbiji kwa mara ya pili, na mabaki yake yakasimama juu ya kusini mwa Malawi. Upepo ulikuwa umepungua. Kilichoua ni mvua ya siku kadhaa mfululizo. Katika mji wa Blantyre, vitongoji vilivyojengwa kwenye miteremko vilifunikwa na tope na mawe yaliyoshuka usiku. Ukijumlisha waliokufa na waliopotea wasionekane tena, Malawi ilipoteza zaidi ya watu elfu moja.

Blantyre iko karibu digrii 16 kusini, kwa hiyo vimbunga vinaifikia kuliko sisi. Lakini miteremko yao inafanana na yetu: watu wengi, mashamba madogo, miti imekatwa, nyumba imechimbiwa ukingoni. Sisi mvua kubwa kama ile inaweza kutufikia bila kimbunga chochote. Kwa hiyo alama za kutazama ni zile zile: ufa mpya kwenye mteremko juu ya nyumba, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa tope, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama. Ukiona moja ya hizo wakati wa mvua nyingi, usingoje tangazo. Hamisha watoto jioni ile ile, kwa jirani, kwa kanisa, kwa shule. Walio karibu na genge la Manga wanajua tunachosema. Na wa Tabaka, wanaochimba mawe ya kuchonga, wasiingie shimoni siku inayofuata mvua kubwa.

Hebu tuipime hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina kama mita 4,047 za mraba. Mvua ya milimita 25, ambayo kwetu ni ya alasiri moja nzuri, inamwaga juu ya ekari moja lita zaidi ya laki moja. Ni kama madramu mia tano ya lita 200, yamepangwa juu ya mteremko wako na yote kupinduliwa kabla ya jua kutua. Ikiwa kuna makinga maji na majani ya ng'ombe kwenye kingo, sehemu kubwa inazama polepole. Ikiwa hakuna, inashuka na udongo wako.

Inashuka kwenda wapi? Hilo wengi hatuulizi. Maji ya Gucha yanakwenda kujaza mashamba ya watu wa Nyatike, karibu na ziwa, ambako pengine siku hiyo hakukunyesha hata tone. Wao wanaona mafuriko chini ya jua. Mvua yetu ya Jumatatu ni hasara yao ya Jumatano. Kikundi chenye ndugu au marafiki upande huo, mpigieni simu mtu.

MKEBE WA MVUA

Ili kulinganisha, lazima kupima. "Ilinyesha sana" si kipimo. Kila kikundi kinaweza kuwa na mkebe wake bila gharama yoyote.

Tafuteni mkebe wa bati ulionyooka, kama ule wa maziwa ya unga, ambao mdomo na kitako ni sawa. Ndoo ya Kasuku haifai, kwa maana chini ni nyembamba kuliko juu na itawadanganya. Ufungeni juu ya nguzo ya urefu wa mita moja hivi, mahali pa wazi. Ukiwa chini ya mgomba au karibu na mabati, mnapima matone ya mgomba. Kila siku saa tatu asubuhi mtu mmoja, siku zote yule yule, aingize rula wima mpaka chini, asome milimita, aandike, amwage maji. Angalieni rula ya mwanafunzi: nyingine sifuri yake haianzii mwisho kabisa wa mti. Ikiwa kuna kipande kabla ya sifuri, kipande hicho kijumlishwe. Siku ambayo hakukunyesha iandikwe sifuri, si kuachwa wazi, kwa sababu baada ya mwezi hamtajua kama ilikuwa jua au mpimaji alienda matanga.

Watoto wa darasa la sita wanafanya kazi hii vizuri kuliko watu wazima. Tumeona.

Idara ya Hali ya Hewa inapotoa onyo la mvua kubwa, husema mara nyingi "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24". Na onyo la upepo mkali kwa kawaida ni noti 25 kwenda juu, ambayo ni kama kilomita 46 kwa saa, upepo wa kuinua bati lililopigiliwa vibaya. Sasa mkiwa na mkebe, maneno haya yanakuwa na maana. Tuseme, kwa mfano tu, asubuhi moja mkebe wa Kebirigo umesoma 32, wa Nyansiongo 18, wa Ogembo 4. Redio ilisema "mvua kubwa nyanda za juu magharibi". Ilikuwa kweli Kebirigo, karibu kweli Nyansiongo, na Ogembo mtu atasema redio ni ya uongo. Haikuwa uongo. Onyo ni la eneo zima. Mkebe ni wa kijiji.

Baada ya misimu miwili hivi, vikundi vitatu vikiweka madaftari yao mezani pamoja, vitaona mambo ambayo hata afisa wa kilimo hana. Nani huanza kupata mvua. Nani hukatikiwa mapema. Katika kila kaunti yuko afisa wa Idara ya Hali ya Hewa anayetoa utabiri wa wiki. Mpelekeeni picha ya ukurasa kwa simu. Atafurahi.

PESA ZA KIKUNDI

Sasa tufike mahali panapouma. Mwezi wa Machi vikundi vingi hutoa mikopo ya mbegu na mbolea. Mvua ikichelewa kama 2019, mbegu inaoza au inaliwa, mwanachama anakosa kulipa, na ugomvi unaanza, mpaka kikundi kinavunjika. Tumeviona vikundi vikifa kwa ajili ya gunia mbili za mbolea.

Sisi tunashauri hivi, na kikundi kina haki ya kutukatalia. Mkopo wa pembejeo utolewe sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mbegu na mbolea ya kupandia, na itolewe mkebe ukiwa umeonyesha mvua kwa siku kadhaa, si kwa sababu kalenda imefika. Wiki hiyo mwenyekiti aulize pia kama kuna dhoruba baharini na imesimama wapi. Ikiwa iko kati ya Madagaska na Msumbiji, si dhambi kungoja siku kumi. Sehemu ya pili, mbolea ya kukuzia, isitolewe wakati kuna onyo la milimita 20 na zaidi, kwa maana CAN huyeyuka upesi, na mvua kubwa ikija siku ile ile, mkopo wenu utakuwa umerutubisha mashamba ya Nyatike.

Kuna wanaosema kungoja ni kupoteza, kwa kuwa anayepanda kwanza huvuna kwanza. Mara nyingi ni kweli, hasa huku kwetu ambako karibu hakuna mwezi mkavu kabisa. Ndiyo maana tunasema daftari la mkebe liamue, kila kijiji kwa mvua yake. Wa juu Borabu na wa chini Nyamarambe wasipewe tarehe moja.

Maji mazuri pia yana hesabu. Nyumba yenye paa la mabati la mita sita kwa tano ina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 300, na hata ukitoa kiasi kinachomwagika, mama amepunguziwa safari nyingi za mtoni, siku ambazo mto ni mchafu na njia inateleza.

YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Kwanza, Mei 2024 kijijini kwenu watu walisema nini juu ya kimbunga, na nani alisema kwanza: redio, simu, au jirani? Kuna aliyeuza ng'ombe au kuvuna mahindi mabichi kwa hofu? Zungumzeni bila kumcheka.

Halafu tembeeni pamoja kwenye mteremko mmoja, kila mtu akiwa na macho. Nyumba ngapi ziko chini ya ufa, au chini ya shimo la mawe? Ni nani katika nyumba hizo hawezi kukimbia usiku, mgonjwa, mzee, aliyejifungua? Andikeni majina na mpange nani atamwendea nani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina orodha ya nyumba tayari, kwa hiyo kazi hii isianze upya.

Walio na watoto au ndugu pwani wakubaliane nao sasa, kabla ya msimu, ni namba gani ya simu itapigwa na saa ngapi. Siku ya upepo simu hushindwa, betri huisha, na mzazi anabaki na picha za uongo zinazosambazwa na watu wasio na kazi. Kijana wa Likoni anajua feri imesimama au inakwenda. Mama aliye Suneka hawezi kujua.

Mwisho, mkebe. Chagueni mpimaji na mahali pa kusimamisha nguzo kabla hamjafunga mkutano wa leo. Mkija kwenye mkutano wa wawakilishi wa vikundi parokiani, njooni na daftari hata kama lina siku tano tu. Tutayapanga mezani kwa mpangilio wa vilima, kuanzia Borabu kushuka mpaka Gucha, tuone mvua ya wiki moja ilivyotugawia.